Kilo Kumi na Nne Mikononi

Mimi nafundisha watu kuendesha gari, na nasema mapema kabla hujaniuliza: ndiyo, napiga kelele. Wanafunzi wangu wananiita Mama Breki na wanadhani sijui. Kazi yenyewe ndiyo imenifanya hivi. Kaa wewe miaka kumi na tano kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya ziada, huku mtu mzima mwenye familia yake anaelekea ukutani akikuuliza, "Mwalimu, hiki cha katikati tena ni cha nini?" Utapata sauti tu.

Nina njia yangu ya kufundisha, na sijaiona kwenye shule nyingine. Ofisi yetu iko chini ya jengo la ghorofa nne lenye ngazi za zege za nje. Ukutani, kando ya ngazi hizo, nimepaka namba kwa rangi nyekundu. Chini kidogo ya goti nimeandika 10. Kwenye mita moja na nusu kuna 20. Mita tatu na nusu, 30. Ukifika dirisha la ghorofa ya tatu, karibu mita kumi kutoka chini, kuna 50, na kule juu, mita kumi na nne, chini kidogo ya paa, kuna 60. Mwanafunzi mpya hagusi usukani wangu kabla hajapanda ngazi hizo na kopo la rangi lililojaa mchanga. Anasimama kwenye 30, analiachia liangukie sanduku la udongo mbichi, anashuka, anapima shimo kwa rula. Halafu anapanda tena mpaka 60.

Maana yake ni rahisi. Kugonga ukuta ukiwa kwenye mwendo wa kilomita thelathini kwa saa ni sawasawa na kuanguka kutoka kwenye namba thelathini. Na kila mwanafunzi hubishana na rula, kwa sababu alitegemea shimo la sitini liwe mara mbili ya lile la thelathini, anakuta limekaribia mara nne. "Rula imeharibika, mwalimu." Haijaharibika. Ukizidisha mwendo mara mbili, kipigo kinazidi mara nne, upende usipende.

Basi, katika watu wote walionipitia, aliyezidharau namba zangu kuliko wote ni baba yangu mzazi.

Baba ameendesha mabasi ya masafa marefu miaka thelathini. Kabla ya hapo alikuwa mchukuzi, na huko ndiko alikopata jina la Winchi, kwa sababu gunia ambalo wenzake walilishika wawili yeye alilinyanyua peke yake huku anasimulia habari. Sasa ana miaka sitini na saba. Macho yamechoka, haendeshi tena, lakini mikono, loo! Akikushika kiwiko kukusalimia utaikumbuka salamu hiyo mpaka jioni. "Ng'ombe hazeeki maini," anasema, na anakukunjia msuli uuguse.

Mama alipofariki miaka miwili iliyopita tulimleta kwetu, na ukweli ni kwamba alikuja kulala. Alilala mchana, akalala jioni, ndevu zikaota. Kilichomwinua ni mwanangu wa mwisho. Tunamwita Kiroboto kwa sababu hatulii mahali, ana miaka mitatu na ana kilo kumi na nne. Nilipoanza kumpeleka shule ya chekechea kwa gari la kazini, babu yake akasema atatusindikiza. Siku ya pili akanyoa. Siku ya tatu akapiga pasi shati mwenyewe. Safari ile ya dakika ishirini ndiyo iliyokuwa inamtoa kitandani, na mimi nilijua hivyo, kwa hiyo nilipomwona amempakata mtoto kiti cha nyuma bila mkanda, nilinyamaza. Mimi, Mama Breki, nilinyamaza! Naona haya kulisema.

Asubuhi moja mbwa akakatiza. Nilikuwa kwenye thelathini tu, nikakanyaga breki, na nyuma nikasikia ko! Kiroboto alikuwa amegonga paji la uso kwenye kiti changu. Halikuwa jambo la hospitali. Lilikuwa nundu, na kilio cha dakika tano. Lakini mimi niliegesha gari kando ya barabara.

"Breki gani hiyo?" baba akasema. "Unafunga breki kama mtu anayeua nyoka!"

"Baba, mtoto ameruka."

"Ameruka kwa sababu nilimshika mkono mmoja. Nilikuwa namwonesha mbwa. Ningemshika miwili asingetikisika."

Siku ileile nikanunua kiti cha mtoto cha gari, chenye mikanda yake, nikakifunga nyuma. Baba akakizunguka kama mtu anayekagua jeneza.

"Mnamfunga mtoto kama mbuzi wa kupelekwa mnadani," akasema. "Kilo kumi na nne! Mimi nimebeba kilo hamsini hamsini kutwa nzima. Mikono ya babu yake haitoshi?"

"Haitoshi."

"Basi mimi siendi. Mpeleke na kiti chako."

Nilidhani ni maneno tu. Kesho yake hakutoka chumbani, na keshokutwa yake vilevile. Siku ya tatu nilimpelekea chai nikamkuta ameelekea ukutani na ndevu zimeanza kurudi, nikasimama pale na kikombe nikiwa nimeshikwa pabaya. Nikimwachia ampakate, ipo siku nitagonga au nitagongwa, na mtoto atatoka mikononi mwake. Nikimkatalia, baba yangu anaondoka taratibu huku ananitazama. Nilitaka kulia, nikakasirika badala yake, ndivyo nilivyo.

"Wote wawili mna vichwa vya jiwe," mume wangu akasema. "Pimaneni, mmalizane."

Baba alisikia kupitia mlangoni. "Naam! Tupimane!" Akatoka na kanga ya marehemu mama kiunoni, nywele timutimu. "Nipe hizo kilo kumi na nne, unipakie nyuma, endesha, funga breki hizo zako za kuua nyoka. Mara tatu. Zikinitoka hata mara moja, mtoto anakaa kwenye kiti. Zisiponitoka, anakaa hapa," akapiga mapaja yake, "na wewe hutanifungulia mdomo tena juu ya jambo hili."

"Nimekubali," nikasema. Nilijua nimeshashinda. Si mimi ndiye mwalimu?

Nikajaza mchanga kwenye mfuko mgumu wa turubai, nikaupima kwenye mizani mpaka ikasoma kumi na nne kamili. Jumamosi asubuhi tukaenda uwanja wa mazoezi. Wanafunzi wangu walikuwepo, pamoja na yule muuza nyama ambaye amefeli mtihani mara nne na bado ana maoni juu ya kila kitu. Nikamfunga baba mkanda kiti cha nyuma, nikampa mfuko, akaukumbatia kwa mikono miwili.

Nikapeleka gari mpaka ishirini, nikakanyaga. Mfuko haukutikisika.

Nikapeleka thelathini, nikakanyaga kwa hasira. Kwenye kioo nikaona baba anaupigapiga mfuko mgongoni, anauimbia.

Nikapeleka arobaini. Nikakanyaga mpaka matairi yakalia na harufu ya mpira ikaingia ndani, na mimi mwenyewe mkanda ukanikaba kifuani. Baba akashuka na mfuko wake begani, akatembea mbele ya wanafunzi wangu wote akipunga mkono.

"Mwalimu," muuza nyama akasema, "namba za ukutani vipi? Tuzifute au tuziache?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Na mimi nikatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole msikitini. Sikuumia kwa sababu ya kuchekwa, hayo nimezoea. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimemwekea dau mwanangu, na nimeliwa. Jumatatu Kiroboto atapakatwa, na mimi nimefungwa mdomo kwa ahadi yangu mwenyewe.

Wengine walipoondoka nilirudi ofisini nikakaa kwenye ngazi zangu. Nilijua namba haziwezi kudanganya. Basi aliyekosea ni nani? Nikarudi uwanjani na utepe, nikapima alama nyeusi za matairi za ile safari ya mwisho. Mita tisa. Nikasimama juu ya alama zile kwa muda, halafu nikajipiga kofi la paji la uso, paa!

Mjinga mimi! Miaka kumi na tano nafundisha watu wanaangukaje, sijawahi kuwafundisha wanatuaje. Ukiruka kutoka mezani ukatua kwenye godoro, unacheka. Ukitua kwenye sakafu, kimo kilekile, unavunjika. Tofauti ni nafasi uliyopewa ya kusimamia. Nikachukua chaki nikaandika palepale kwenye lami. Mwendo wa arobaini una kimo cha mita sita na kidogo, na breki zilinisimamisha kwa mita tisa. Sita na kidogo ugawe kwa tisa, haifiki hata moja. Kwa hiyo ule mfuko wa kilo kumi na nne ulimvuta baba kwa nguvu kama ya kilo kumi tu. Hata mimi ningeushika! Lakini gari likigonga ukuta kwa hamsini, kimo ni karibu mita kumi, na nafasi ya kusimamia ni ile pua ya gari inayobonyea, nusu mita basi. Kumi ugawe kwa nusu ni ishirini. Mtoto wa kilo kumi na nne, mara ishirini, ni kilo mia mbili na themanini.

Breki na kugonga si ndugu, na mimi niliwapima kwa mtihani mmoja.

Nikamkuta baba sebuleni, amenyoa, Kiroboto yuko mabegani mwake anamvuta masikio. Ilikuwa furaha tupu, na mimi ndiye niliyekuja kuiharibu.

"Baba, umeshinda," nikasema. "Ahadi ni ahadi. Lakini nilitunga mtihani mbovu, na mtihani mbovu hurudiwa."

"Thubutu! Umeshindwa, meza."

"Nimemeza. Nakuomba mara moja tu. Safari hii hakuna breki, unagonga."

"Kwa mwendo gani?"

"Kumi."

Alinitazama kama niliyepungukiwa akili. "Kumi? Huo ni mwendo wa mtu anayewahi choo. Mama, mimi nimeshika mfuko wako kwenye arobaini!"

"Ndiyo. Sasa nakuomba kumi."

Kiburi ndicho kilichomponza. Angesikia hamsini angeshtuka akakataa, lakini kumi ilimchekesha. Akakubali hapohapo, akaniambia nimwalike na muuza nyama.

Nyuma ya shule yetu kuna ghala lenye mteremko wa zege wa kupakulia mizigo. Jumapili mchana fundi wa kuchomelea, jirani yetu, akatufungia kiti kizee cha gari, chenye mkanda wake, juu ya toroli la chuma. Chini ya mteremko tukaweka mihimili ya mbao iliyoegemea ukuta, na mbele yake tairi moja dogo, ili pawe na kitu cha kubonyea. Tulijaribu kwanza na mawe yaliyofungwa kitini, mara tano, nikiwa na saa na chaki, mpaka nikapata alama ya kuachia toroli ili lifike chini kwa mwendo wa kumi kamili. Tulipima tairi lilivyobonyea, likawa sentimeta saba. Kimo cha kumi kule ukutani kwangu ni sentimeta thelathini na tisa. Gawanya mwenyewe: inazidi tano na nusu. Kilo kumi na nne zitamvuta baba kama kilo karibu themanini, tena kwa ghafla.

Nikamwambia, maana sikutaka kumvizia mzee wangu. "Zitakuwa kama themanini."

"Kutoka kwenye hako kamteremko?"

"Ni sawa na kuanguka kutoka kitandani, baba. Ukitua kwenye sakafu."

"Hebu niachie hilo toroli."

Akajifunga mkanda mwenyewe, akaukumbatia mfuko, akafunganisha vidole vya mkono mmoja na vya mwingine, akaegemeza kidevu juu yake. Namjua baba yangu. Hakuwa anacheza, aliushika ule mfuko kama alivyokuwa anamshika Kiroboto akiwa na homa. Fundi akaondoa kigingi.

Toroli likateremka taratibu, na muuza nyama alikuwa ameanza kucheka. Halafu likagonga, na mfuko haukuwepo. Sikuuona ukitoka. Nilisikia tu pu! ukutani, nikaona turubai limepasuka na mchanga unatiririka chini. Baba alikuwa kitini, mzima, mkanda umemshika barabara, mikono yake bado imekunjwa kwenye duara, na katikati ya duara hamna kitu.

Muuza nyama alifunga mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nilikimbia nikamshika baba shingo, mabega, nikamuuliza kama ameumia. Alikuwa anaitazama mikono yake, anaigeuza upande huu na upande huu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kushangilia, nakwambia kweli, nilikuwa na maneno yangu matamu nimeyapanga tangu asubuhi. Niliyatupa yote.

"Na basi?" akauliza.

"Basi gani, baba?"

"Basi likiwa themanini. Linapanda tuta la udongo, linasimama. Mtoto wa kilo kumi na moja."

Nikapiga hesabu. Themanini ni mita ishirini na tano, kupita jengo letu kwa mbali. Uso wa basi ukibonyea mita nzima, ni mara ishirini na tano. "Kilo mia mbili na sabini na tano," nikasema.

"Mwanamke anaweza kuzishika?"

"Hakuna mtu wa kuzishika."

"Mimi? Mimi wa wakati ule, kabla sijazeeka?"

"Baba, hata watu wanne wenye nguvu zako."

Akaomba tumwache kidogo. Fundi akamchukua muuza nyama kwa mkono wakaondoka. Nilikaa chini kwenye zege karibu na toroli, na baba, bila kufungua mkanda, akanisimulia jambo ambalo hata mama hakuwahi kulijua lote.

Miaka ishirini na mbili iliyopita lori lilikuwa limesimama barabarani bila taa wala majani ya kuonya. Baba akalikwepa, basi likaingia kwenye tuta. Ajali hiyo tuliijua sote, na tulijua hakuna aliyekufa. Ambacho hatukukijua ni kwamba kiti cha kwanza, nyuma yake, kulikuwa na mama aliyempakata mtoto wa miaka miwili. Mtoto yule alipita kando ya sikio la baba akagonga kioo cha mbele. Alipona, ila mguu uliunga vibaya.

"Nilishikwa na hofu," baba akasema. "Watu wananitazama mimi, dereva. Nikamgeukia yule mama mbele ya abiria wote, nikampigia kelele: mama gani wewe, mtoto anakuponyoka kama sabuni! Shika mtoto! Nikasema hivyo barabarani, nikasema hivyo kituo cha polisi, ikaandikwa. Mumewe akaisikia. Nikaambiwa baadaye kwamba aliondoka, alisema hawezi kukaa na mwanamke aliyemtupa mwanawe."

Nikaushika ukingo wa toroli.

"Umefikiri mimi ni mbishi," akasema. "Mimi nilikuwa naogopa. Kama mikono haitoshi, basi nilimsingizia. Ndiyo maana ilinipasa itoshe." Akalia, baba yangu Winchi, na machozi yake hakuyafuta, kwa sababu ile mikono alikuwa hataki kuitumia kwa lolote.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amevaa shati lililopigwa pasi. Alimbeba Kiroboto mwenyewe, akamkalisha kwenye kiti chake, akafunga mikanda, akaivuta mpaka mtoto akamwambia "babu, inatosha." Akakaa kando yake, akafunga na wa kwake. Kiroboto alimwimbia njia nzima. Nilikuwa namtazama kwenye kioo, na nilifurahi mpaka nikapitiliza kona ya shule, jambo ambalo mwanafunzi wangu angelifanya ningemtafuna mzimamzima.

Tulipomshusha mtoto, baba akasema, "Sasa nipeleke nyuma ya soko. Kuna fundi cherehani."

"Unapajua?"

"Siku zote napajua. Ndiyo maana soko lile sijawahi kukanyaga."

Kibaraza chake kilikuwa na cherehani tatu. Yeye alikuwa kwenye ile ya mwisho, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani puani, utepe shingoni. Kwenye cherehani ya katikati alikaa binti yake. Nilimjua kabla hajasimama, kwa sababu sketi aliyovaa ilikuwa na pindo refu upande mmoja, na akisimama juu ya ule mguu uliounga vibaya ungeiona imenyooka kabisa. Mtu aliyeshona sketi ile alikuwa ameupima ule mguu mara nyingi.

Mama yule aliinua macho, akamtazama baba. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Dereva," akasema.

"Ni mimi, mama." Baba alikuwa amevua kofia. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia kwa kujiuma ulimi. Akaeleza yote hovyohovyo, akianzia katikati: mfuko, toroli, mwendo wa kumi, jinsi alivyofunganisha vidole. Akanigeukia nitaje namba, nikazitaja. Kilo kumi na moja zilizokuwa kilo mia mbili na sabini na tano. "Hukumwachia," baba akasema. "Hakuna mtu angemshika. Hata mimi nisingemshika. Nilikusingizia, mama, na nimechelewa miaka ishirini na mbili."

Mama yule akavua miwani, akanyoosha mikono yake juu ya kitambaa, akaitazama.

"Kila usiku," akasema, "huwa najiuliza ni kidole gani kililegea."

Binti yake alikuwa amesimama. Akaja akaweka mkono begani mwa mama yake. Nilidhani sasa mama yule atalia, au atasema amesamehe, nasi tutaenda zetu. Hakufanya hata kimoja.

"Siku ile ulisema mbele za watu," akamwambia baba. "Tena kwa sauti kubwa. Leo umeninong'oneza."

Baba akaelewa kabla yangu. Akageuka akatazama njia. Wachuuzi walikuwa wanapanga bidhaa, wapita njia wamejaa, kijiwe cha wapiga soga ng'ambo, na kibaraza cha pili mafundi wengine wanne wakishona. Akashuka kibarazani mpaka katikati ya njia, akajaza kifua. Mimi sauti yangu niliirithi kwake, ila sijawahi kuisikia ya kwake ikiwa nzima kama siku ile.

"Jamani!" akapiga ukelele, na cherehani zote zikanyamaza. "Nisikilizeni! Mama huyu hakumwachia mwanawe!"